Kurejea kwenye mbio za magari ya rimoti: Ujuzi hauzeeki, betri huzeeka

Katika vijiji vinavyozungukwa na mashamba ya majanichai huko Kabianga, Kaunti ya Kericho, watoto wengi hujifunza udereva kabla ya kufika umri wa kukalia usukani. Gari la kwanza huwa la waya, lenye magurudumu ya vifuniko au kandambili kuukuu, na fimbo ndefu ya kuligeuza kona. Wachache hubahatika baadaye kupata gari dogo la betri linaloongozwa kwa rimoti, zawadi ya jamaa aliyetoka ng'ambo au matunda ya akiba ya muda mrefu.

Kisha maisha huingilia kati. Masomo, kazi na malezi huja, gari huingizwa kwenye sanduku, na sanduku husukumwa chini ya kitanda. Miaka 15 au 20 ikishapita, mwenyewe hulifungua tena kwa hamu ya kushindana. Swali huwa moja: je, anaweza kuendelea pale alipoachia?

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, na kwa mikono ya dereva usemi huo ni wa kweli. Kwa vifaa, hali ni tofauti kabisa. Anayerejea na mazoea ya zamani anaweza kupoteza fedha, na kwa jambo moja mahususi, yaani kuchaji betri, anaweza kuiteketeza nyumba.

FUNZO LA SAFARI RALLY

Wakenya wameshuhudia marejeo kama hayo kwa magari makubwa. Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953, ziliondoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya mwaka 2002, ambayo Colin McRae aliibuka mshindi. Ziliporejea Juni 2021, miaka 19 baadaye, mshindi alikuwa Sébastien Ogier.

Jina lilikuwa lile lile, lakini mchezo ulikuwa umebadilika. Mwaka 2002 madereva walishindania muda kwa takriban kilomita 1,000. Mwaka 2021 umbali huo ulikuwa kama kilomita 320, wengi wake katika eneo la Naivasha. Mbio za masafa marefu za kuvumilia zilikuwa zimegeuka kuwa mbio fupi za kasi. Waliorejea walilazimika kujifunza upya. Ndivyo ilivyo kwa gari dogo pia.

KILICHOBADILIKA

Badiliko la kwanza lipo kwenye mawasiliano kati ya rimoti na gari. Zamani rimoti nyingi zilitumia masafa ya megahezi 27 au 40, na kila moja ilikuwa na kipande kidogo cha kioo kilichoamua mkondo wake. Madereva wawili wakiwa na mkondo mmoja, gari la mmoja lilitii amri za mwingine na kuparamia ukingo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kila mbio palikuwa na ubao wa kugawa mikondo, na ole wake aliyewasha rimoti bila idhini.

Rimoti za leo hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Gari na rimoti hutambulishwa mara moja, na baada ya hapo gari husikiliza rimoti hiyo pekee. Magari mengi yanaweza kukimbia pamoja bila kuingiliana, na ile antena ndefu ya kuvutwa imetoweka.

Badiliko la pili ni mota. Mota ya zamani ilipitisha umeme kwa brashi za kaboni zilizosuguana na shaba. Brashi ziliisha, shaba ilichakaa, na mshindani makini alizisafisha na kuzibadilisha mara kwa mara. Mota za kisasa hazina brashi. Kifaa cha kudhibiti mwendo ndicho hupanga mtiririko wa umeme, hivyo mota hudumu zaidi na kutoa nguvu kubwa zaidi kwa betri ile ile.

Badiliko la tatu, na zito kuliko yote, ni betri.

BETRI NA HATARI YAKE

Betri ya zamani iliundwa kwa nikeli na kadimiamu. Ilikuwa na seli sita za volti 1.2 kila moja, jumla volti 7.2. Ilikuwa nzito na haikukaa na umeme kwa muda mrefu, lakini ilistahimili kutendewa vibaya. Dereva aliweza kuitumia hadi gari likasimama lenyewe, akaichaji usiku, na asubuhi akaendelea.

Betri ya lithiamu inayotumiwa mashindanoni leo haina uvumilivu huo. Ile ya kawaida ina seli mbili, kila moja ikiwa na wastani wa volti 3.7. Seli isipitishwe volti 4.2 inapochajiwa, wala isiachwe ishuke chini ya volti 3 inapotumiwa. Ikizidishwa inaweza kuvimba, kutoa moshi na kuwaka, na moto wake huwa mkali na mgumu kuzima. Ikikaushwa kupita kiasi huharibika ndani kwa ndani, na kuichaji tena huwa ni hatari.

Hapo ndipo mtego wa anayerejea ulipo. Chaja yake ya zamani haikuundwa kutambua kikomo cha betri ya lithiamu. Kidhibiti mwendo chake cha zamani nacho hakijui kukata umeme kabla seli hazijashuka mno. Kuunganisha betri mpya na vifaa hivyo viwili ni kujitakia maafa, hata kama plagi zinalingana.

Kanuni za usalama ni chache na hazina gharama kubwa. Chaja iwe ya lithiamu, yenye waya wa kusawazisha seli. Betri ya miliampia 5,000 ichajiwe kwa ampia 5, kazi inayochukua kama saa moja. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na pazia, godoro na ukuta wa mbao. Mtu awepo muda wote. Kuiacha ikichaji huku watu wamelala ni mwiko. Iliyovimba isitumiwe tena. Inayohifadhiwa kwa wiki kadhaa iachwe na takriban volti 3.8 kwa kila seli, si ikiwa imejaa wala imekauka.

Asiyetaka masharti hayo ana njia ya kati: betri ya nikeli isiyo na kadimiamu, ya volti 7.2. Hiyo hufanya kazi na kidhibiti mwendo cha zamani, mradi chaja yake iwe ya aina hiyo. Kwa anayetaka tu kujua kama bado anaupenda mchezo, huo ndio mwanzo wa busara.

Betri kongwe ya kadimiamu nayo isitupwe shambani, mtoni wala kwenye moto wa takataka. Kadimiamu ni sumu inayodumu katika udongo, na udongo wa Kericho ndio unaolisha watu wake.

Aidha, jamaa anayetoka ng'ambo na betri ya lithiamu ya akiba anapaswa kuibeba kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Haikubaliki kwenye mizigo inayoingizwa chini ya ndege. Tangu Aprili 2016, betri za aina hiyo zinazosafirishwa peke yake kama shehena zimepigwa marufuku katika ndege za abiria.

KUFUNGUA SANDUKU

Kabla ya kununua chochote, gari la zamani likaguliwe. Betri ndogo zilizosahauliwa ndani ya rimoti huvuja na kula shaba. Mpira wa magurudumu hukauka na kupasuka. Grisi kwenye gia hugeuka kama gundi, na plastiki iliyokaa miaka mingi inaweza kuvunjika kwa pigo dogo.

Vipuri si lazima viwe kikwazo. Kampuni ya Tamiya ya Japani, kwa mfano, ilianza kuyatoa upya baadhi ya magari yake ya kale. Hornet ya mwaka 1984 ilirudi sokoni mwaka 2004. Ni vyema basi kutafuta jina na nambari ya gari kabla ya kulitangaza kuwa chuma chakavu.

ARDHI YA KABIANGA

Mazingira nayo yana neno. Kericho ni nchi ya mvua, na aghalabu hunyesha alasiri. Anayetaka kukimbiza gari afanye hivyo asubuhi, umande ukishakauka. Udongo mwekundu ukilowa huteleza na kujaza magurudumu, na maji yakiingia kwenye vifaa visivyokingwa huviua. Gari la chini la barabara ya lami halifai huko; linalofaa ni lile lenye springi ndefu na magurudumu ya meno.

Mwinuko pia huhesabika. Katika nyanda hizo zinazofikia takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Gari dogo la injini ya mafuta hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo na huhitaji kurekebishwa mchanganyiko wa mafuta na hewa. La umeme halipotezi nguvu, ila mota yake hupoa polepole zaidi, hivyo ipumzishwe kati ya mbio moja na nyingine.

Uwanja uwe mbali na vijia vya wachuma chai na watoto. Gari la kilo moja na nusu likienda kilomita 50 kwa saa si mwanasesere tena.

MIKONO HUKUMBUKA

Ugumu wa mchezo huu haujabadilika: gari likija kumwelekea dereva, kulia na kushoto hubadilishana. Aliyewahi kuuzoea mgeuko huo hahitaji kuanza mwanzo. Makopo mawili yaliyopangwa uwanjani, na gari likiyazunguka kwa umbo la nambari nane polepole, huirudisha mikono kazini. Kasi ifuate baadaye, kwani polepole ndio mwendo.

Lakini mbio hazikimbiwi na mtu mmoja. Kwa desturi ya mchezo huu duniani, kila kundi hukimbia kwa muda uliowekwa, mara nyingi dakika tano, na mshindi ni aliyekamilisha mizunguko mingi zaidi. Kundi likimaliza haliendi kupumzika. Madereva wake husimama kwenye kona ili kuyainua magari ya kundi linalofuata yanapopinduka. Aliyekuwa mpinzani dakika chache zilizopita ndiye anayeliweka gari la mwenzake sawa.

Kwa hivyo, pasipo na chama, kazi ya kwanza ya anayerejea ni kuwapata wenzake wawili au watatu, saa ya kuhesabu dakika na kipande cha ardhi kilichopatikana kwa ruhusa ya mwenyewe. Gari lililokaa miaka 20 chini ya kitanda linaweza kutengenezwa kwa siku chache. Mbio zenyewe zitarudi siku atakapopatikana mtu wa kusimama kwenye kona.