Ngoma na Gitaa Vyagombea Uwanja Nakivale

Ukitoka Mbarara kwa mwendo wa kilomita zipatazo 60, ukayapita mashamba ya ndizi na malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu, unayafikia makazi ya wakimbizi ya Nakivale katika Wilaya ya Isingiro. Makazi haya si mageni. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati wa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na lugha inayowakutanisha sokoni aghalabu ni Kiswahili. Wasomaji wetu wa jeshini na polisi, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kazi tangu enzi za KAR, wangejiona nyumbani.

Mwezi Juni 2025 kazi za ofisi zilinipeleka huko kwa majuma mawili. Jumapili ya kwanza, alasiri, nilikuta makundi mawili ya vijana yamekamia uwanja mmoja. Upande mmoja walikuwa Warundi na ngoma zao. Upande wa pili walikuwa Wakongo wenye magitaa na kipaza sauti kilichounganishwa na betri ya gari. Wote walikuwa wakijiandaa kwa tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba kinyang'anyiro hicho kilikuwa cha sifa tu. Mwezi Mei mwaka huohuo Shirika la Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, liliwakatia mgao wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Kikundi kinachopendeza jukwaani huitwa arusini, na arusini kuna chakula na malipo. Anayeshindwa hurudi nyumbani kwenye sufuria tupu.

Ngoma za Kirundi hazina huruma kwa gitaa. Kigogo huchongwa kutokana na mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani unaoifanya ngoma iseme, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Zikilia kumi na tatu kwa pamoja, kipaza sauti cha betri hugeuka bubu. Wakongo walipaza sauti, "Mnatufanyia makusudi!" Warundi wakajibu kwamba hawakumwalika mtu. Kijana mmoja akaurusha mchi wa ngoma, ukampata mwenzake begani, na mara mashati yakaanza kushikwa.

Askari polisi wa kituo cha karibu alifika bila kukimbia. Hakuinua kirungu. Aliuliza mkubwa wao ni nani, akaonyeshwa mzee mmoja Mrundi aliyekuwa ameketi juu ya jiwe.

"Afande," akasema mzee, "kwetu ngoma zote hupigwa kwa nusu duara, na katikati husimama moja iitwayo inkiranya, inayoziongoza nyingine. Anayetaka kujionyesha hutoka mstarini, akaruka, akaipiga ile ya kati, akasifiwa. Kisha humpisha mwenzake. Ukikataa kumpisha, si mpiga ngoma. Na hawa wapishane hivyo hivyo."

Maneno hayo yalinichoma. Nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi, nilifuta mashindano ya nyimbo baina ya madarasa kwa sababu yalizua ugomvi uani. Nilidhani nimeleta amani. La hasha! Watoto waliendelea kugombana vilevile, ila sasa bila nyimbo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, na wachezaji wake walijipa vyeo na sare. Vijana waligawanyika pande mbili. Huko Tanganyika ziliitwa Marini na Arinoti, na katika Vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliieneza kila walikopita, kwa Waingereza na kwa Wajerumani vilevile. Walishindana kwa mavazi, kwa paredi na kwa karamu, hata wengine wakaingia madeni. Hata hivyo, aliyeshindwa leo alijua kwamba zamu yake ingerudi.

Miongoni mwa wapiga gitaa wa Nakivale alikuwamo kijana wa miaka kama kumi na tisa, aliyetoka Kivu ya Kusini peke yake. Wenzake walinieleza kwamba miezi ya mwanzo hakusema na mtu, na usiku aliamka akipiga mayowe hata jirani wakamchukia. Gitaa lake alilitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta ya msaada na waya za breki za baiskeli. Ndiye aliyepigwa na mchi begani.

Jumapili ya pili walipishana kama walivyoagizwa. Warundi walitangulia, ngoma zikiwa kichwani. Pembeni alisimama msichana akipiga mdundo juu ya paja lake. Huko Burundi amri ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Nakivale amri hiyo haifiki, lakini desturi imevuka mpaka pamoja na watu. Mzee alimwona, akageuza uso upande mwingine. Nadhani ilikuwa ruhusa.

Zamu ya kijana wa debe ilipofika, aliimba beti mbili, kisha maneno yakampotea. Alisimama akitazama chini, vidole vimeganda, na watu wakaanza kunong'ona. Hapo yule aliyerusha mchi alianza kugonga ukingo wa ngoma yake taratibu, bila kumtazama mtu. Aligonga hivyo kwa muda mrefu. Kijana aliufuata ule mdundo kwa mguu, halafu kwa waya, na mwishowe sauti ikarudi.

Hawakukumbatiana.

"Gitaa lako lina sauti ya debe," Mrundi akamwambia baadaye.

"Ni debe," akajibu.

Walicheka kidogo, kisha wakaanza upya kubishana ni nani atakayetangulia siku ya sherehe. Yule askari alichomoa daftari mfukoni, akalamba ncha ya kidole, akafunua ukurasa na kuandika: Warundi wametangulia leo, tarehe 20 gitaa kwanza.