Ithibati ya Kijani na Jengo la Zege: Kipimwe Nini Akheri, Wilaya ya Meru?

1.0 Utangulizi

Makala hii inafafanua namna mifumo ya ithibati ya majengo ya kijani inavyofanya kazi, kisha inachunguza iwapo vipimo vyake vinaafiki mazingira ya kata ya Akheri, Wilaya ya Meru, mkoani Arusha. Kata hiyo iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, jirani na Tengeru, karibu na barabara kuu ya Arusha–Moshi. Ni eneo la vihamba vya migomba na kahawa, ambamo tofali za saruji, nguzo za zege na paa la bati ndiyo picha ya kawaida ya nyumba ya kisasa.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Mahali penye hali ya hewa ya wastani kama Akheri, sehemu kubwa ya athari za kimazingira za nyumba ya zege imo ndani ya saruji yenyewe, na mahitaji makubwa ya mkaaji yako katika ubora wa maji. Umeme wa kupooza vyumba una nafasi ndogo. Kwa sababu hiyo, ithibati inayotoa uzito mkubwa kwa umeme inaweza kulisifu jengo kwa jambo jepesi na kuliacha jambo zito bila kuguswa. Mjadala unahusu nyumba za kuishi, madarasa na zahanati ndogo. Hoteli na viwanda vina matumizi tofauti ya nishati na havihusiki moja kwa moja.

2.0 Ithibati ya Kijani: Mifumo Miwili, Mantiki Mbili

Ithibati ya kijani ni uthibitisho unaotolewa na chombo huru kwamba jengo limefikia viwango vilivyowekwa vya matumizi ya nishati, maji, vifaa vya ujenzi na afya ya watumiaji. Mfumo wa kwanza uliopata umaarufu ni BREEAM wa Uingereza, ulioanza mwaka 1990. Baadaye Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1993, lilianzisha LEED. Afrika Kusini nayo ilirekebisha mfumo wa Green Star kutoka Australia ili ulingane na mazingira yake. Mwaka 2014, Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo chini ya Benki ya Dunia, lilizindua EDGE kwa kulenga nchi zinazoendelea.

Mantiki ya LEED ni kukusanya alama. Katika toleo la 4 la mwaka 2013, jengo jipya huweza kupata hadi alama 110. Kati ya hizo, nishati na anga hubeba 33, vifaa na rasilimali 13, na matumizi bora ya maji 11. Alama 40 hutosha kupata cheti cha ngazi ya chini, na 80 hufikisha ngazi ya juu kabisa. Maana yake ni kwamba, ukiacha masharti machache ya lazima, upungufu katika kipengele kimoja hufidiwa na ziada katika kingine. Jengo linaweza kuvuna alama nyingi za nishati huku saruji yake ikibaki ileile ya siku zote.

Mantiki ya EDGE ni kuvuka vizingiti. Jengo halina budi kuokoa angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 ya hewa ukaa iliyotokana na utengenezaji wa vifaa, likilinganishwa na jengo la kawaida la eneo hilo. Hapa hakuna kufidiana: anayeshindwa katika vifaa hapati cheti, hata akifunika paa lote kwa sola. Kwa muktadha wa Akheri, mantiki hii ya pili ina manufaa zaidi, ingawa nayo ina pengo litakaloelezwa katika sehemu ya 5.0.

3.0 Kwa Nini Umeme Si Kipimo Kikuu

Mfano unaotajwa mara nyingi Afrika Mashariki ni jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011. Liliwekewa paneli za sola juu ya paa na likasanifiwa lipitishe mwanga na hewa ya asili. Somo lake kubwa ni kwamba katika nyanda za juu za ukanda huu, jengo lililoelekezwa vema halihitaji viyoyozi.

Akheri iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Nyumba yenye madirisha yanayokabiliana, dari chini ya bati na kivuli cha miti hukalika mwaka mzima bila mtambo wa kupooza. Matumizi ya umeme hubaki katika taa, runinga, jokofu na pasi. Aidha, umeme wa gridi ya Tanzania umezidi kutegemea maji tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Hivyo, kupunguza umeme ambao ni mdogo tangu awali, na unaotokana kwa sehemu kubwa na maporomoko ya maji, huleta faida finyu kwa anga. Kinachobaki ni vifaa.

4.0 Klinka Ndiyo Kiini cha Hesabu

Utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Chanzo chake ni klinka, yaani punje ngumu zinazopatikana baada ya mawe ya chokaa na udongo kuchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Klinka ina karibu asilimia 65 ya oksidi ya kalsiamu. Kwa uwiano wa kikemia wa 44 kwa 56, kila tani ya klinka hutoa takriban tani 0.51 ya hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata kabla ya kuhesabu mafuta ya tanuri. Mafuta yakijumlishwa, kiasi hufika takriban tani 0.8.

Baadhi ya wasanifu husisitiza zaidi umbali wa usafirishaji. Ni kweli kwamba saruji inayotoka Pongwe, Tanga, husafiri zaidi ya kilomita 400 kufika Meru. Lakini kwa makadirio ya gramu 100 za hewa ukaa kwa kila tani inayosafirishwa kilomita moja, safari hiyo huongeza takriban kilo 40 kwa tani ya saruji. Klinka iliyomo katika tani hiyohiyo, ikiwa ni asilimia 95, imekwisha kutoa kilo 760. Umbali ni nyongeza ndogo. Kiasi cha klinka ndicho kinachoamua.

Kiwango cha saruji cha Tanzania, TZS 727, kinafuata mgawanyo wa kiwango cha Ulaya. Saruji aina ya CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi. CEM II/B-P ina klinka asilimia 65 hadi 79, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni pozolana, yaani majivu au mawe ya volkano yenye silika inayoungana na chokaa. Herufi P huashiria pozolana asilia. Namba 32.5 au 42.5 huonesha nguvu ya saruji baada ya siku 28.

Tuchukue mita moja ya ujazo ya zege inayohitaji mifuko 7 ya kilo 50 ya CEM I. Klinka yake ni kilo 332.5. Fundi akitumia saruji yenye klinka asilimia 70 na kuongeza mfuko mmoja ili kufikia nguvu ileile, mifuko 8 hubeba klinka kilo 280. Upungufu ni kilo 52.5, sawa na hewa ukaa takriban kilo 42 kwa kila mita ya ujazo. Lakini maji yakizidi katika mchanganyiko na fundi akalazimika kufidia hadi mifuko 9.5, klinka hurudi kuwa kilo 332.5 na faida yote hupotea. Kwa hiyo kipimo sahihi ni klinka kwa mita ya ujazo ya zege lenye nguvu inayotakiwa. Kuhesabu mifuko, au kutazama jina lililo juu ya mfuko, hakutoshi.

5.0 Maji: Lita Pekee Hazitoshi

Pengo lililotajwa linahusu maji. LEED na EDGE katika vipengele vyake vya maji huhesabu zaidi lita zilizookolewa. Katika eneo la Mlima Meru, tatizo kubwa limo ndani ya lita hizo. Miamba ya volkano hutia floraidi katika chemchemi na visima vingi kwa viwango vinavyozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake ni meno ya rangi ya kahawia na, kwa walioathirika zaidi, mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikishughulikia uondoaji wa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa.

Maji ya mvua hayana floraidi ya kutia hofu, na hapa usanifu wenyewe unaweza kuwa kinga. Paa la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka na upotevu wa asilimia 20, hukusanya takriban lita 76,800. Kaya ya watu 6 inayotumia lita 10 kwa kila mtu kwa kunywa na kupika huhitaji lita 60 kwa siku. Kiangazi cha siku 150 kati ya masika na vuli hudai lita 9,000. Tangi la lita 10,000 linatosha. Maji ya chemchemi yaachwe kwa kufulia na ujenzi, kwani floraidi ya kiwango hicho haidhuru zege.

6.0 Tahadhari

Hoja hii ina mipaka miwili. Kwanza, si kila jivu la volkano ni pozolana. Kuchota majivu mlimani na kuyachanganya na saruji bila kuyapima maabara ni hatari. Uchanganyaji ufanyike kiwandani chini ya viwango. Pili, saruji yenye pozolana hupata nguvu polepole. Zege lake limwagiliwe kwa siku 7 kwa uchache, na ikiwezekana 14, na mbao zinazolishikilia zisiondolewe mapema. Kuporomoka kwa jengo Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 kulikumbusha taifa kwamba usalama hutangulia sifa nyingine zote. Jengo lisilo salama haliwezi kuitwa endelevu.

7.0 Hitimisho

Nyumba nyingi za Akheri hazitawahi kuombewa cheti cha kimataifa, kwa kuwa gharama za ukaguzi hazilingani na ukubwa wake. Hata hivyo, mantiki ya vizingiti inaweza kutumika bila cheti. Makala inapendekeza vizingiti vitatu vinavyoweza kukaguliwa na halmashauri wakati wa kutoa kibali cha ujenzi: kiasi cha juu cha klinka kwa mita ya ujazo ya zege, tangi la mvua linalotosheleza maji ya kunywa na kupika kwa kiangazi kizima, na mpango wa umwagiliaji wa zege uliotiwa saini na msimamizi. Cha kwanza husomwa kwenye mfuko wa saruji na vipimo vya mchanganyiko, cha pili kwenye mchoro, na cha tatu kwenye daftari la eneo la ujenzi. Utafiti zaidi unahitajika ili kuweka namba mahususi za kizingiti cha kwanza kwa kupima zege linalomwagwa na mafundi wa Meru kwa mchanga na kokoto za huko.