Kifungu na Kibadala Chake: Uteuzi wa Kadenza katika Konseto ya Tatu ya Rachmaninoff

Makala hii inafafanua namna mpigaji piano anavyoteua baina ya vifungu viwili vilivyotungwa na mtunzi mmoja kwa ajili ya mahali pamoja. Mfano wetu ni Konseto ya Tatu ya Piano ya Sergei Rachmaninoff, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwaka 1909. Katika sehemu ya kwanza, okestra hunyamaza na piano hubaki peke yake katika kadenza. Hapo nota zilizochapishwa hutoa njia mbili: kadenza nyepesi ya mwendo wa kasi, na nyingine nzito, yenye nota nyingi zinazopigwa kwa pamoja, iitwayo osia, neno la Kiitaliano lenye maana ya "au". Njia hizo hukutana kabla filimbi haijarejesha lahani ya mwanzo.

Aghalabu osia hudhaniwa kuwa njia ya kukwepa ugumu. Hapa hali ni kinyume: osia ndiyo nzito zaidi. Hivyo basi, suala si uwezo wa vidole pekee, bali pia mahali pa kuweka kilele. Okestra imekwisha kufikia kilele chake kabla ya kadenza. Osia huongeza kilele kingine kikubwa. Kadenza nyepesi hupanda hatua kwa hatua.

Je, desturi ya mtunzi iamue? Katika rekodi yake ya 1939–1940, akiwa na Eugene Ormandy na Okestra ya Philadelphia, Rachmaninoff alipiga kadenza nyepesi. Van Cliburn, mshindi wa Moscow mwaka 1958, aliteua osia. Hata hivyo, katika rekodi hiyohiyo mtunzi aliruka baadhi ya vifungu, na wapigaji wengi wa leo hawamfuati. Anayeifanya rekodi kuwa hoja hana budi kueleza kwa nini anaikubali hapa na kuikataa pale.

Kwa waundaji wa istilahi na mihtasari, funzo ni bayana. Istilahi "kifungu rahisi" ingetoa hukumu kabla ya uchambuzi. "Kibadala" inafaa zaidi. Aidha, mhariri wa miswada ya tenzi hukabili tofauti zilizotokana na wanukuzi, naye hutafuta usomaji wa awali. Hapa hakuna kosa la kusahihisha: matini zote mbili ni halali. Mwanafunzi apimwe kwa hoja ya uteuzi wake, si kwa uzito wa kifungu alichoteua.