Vuta N'kuvute: Kutoka Kitabuni Hadi Kwenye Skrini

Vuta N'kuvute ni filamu ya Kiswahili iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021 katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, Kanada. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya jina hilohilo, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita, kuanzia Musoma hadi Mtwara, wameisoma darasani.

Kisa kinatokea Zanzibar ya miaka ya 1950, Waingereza wakiwa bado watawala. Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume anayemzidi sana umri, anaikimbia ndoa hiyo. Ndugu zake wanamkataa, naye anapata hifadhi kwa shoga yake Mwajuma, mtaani Ng'ambo. Huko anampenda Denge, kijana mkomunisti anayesakwa na polisi kwa kupinga ukoloni.

Riwaya ina nafasi ya kumfuata Yasmini hadi Mombasa na kurudi, na kuwapa wahusika wengi maisha yao. Filamu ina takriban saa moja na nusu tu. Kwa hiyo Shivji ameshika nyuzi mbili, penzi na harakati, na kupunguza mengine. Yale ambayo msimulizi huyaeleza kwa maneno yanabebwa na vichochoro vya Mji Mkongwe, giza la usiku na muziki. Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki wa taarabu.

Upunguzaji wa namna hiyo unaweza kugeuza maana. Katika Frankenstein, riwaya ya kutisha ya Mary Shelley ya mwaka 1818, kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi Victor hujifunza kusoma na kujieleza kwa ufasaha. Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 ilimnyima usemi, na watu wengi wakamjua kama zimwi linalonguruma. Shivji hakuwanyamazisha wahusika wake: wanazungumza Kiswahili cha Zanzibar, kama kitabuni.

Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka filamu hii kushindania Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Haikuteuliwa, lakini ilikuwa ya kwanza kupelekwa tangu Maangamizi, ya mwaka 2001.