Mtoto Anaona Nini Kwenye Simu? Bangi na Mitandao ya Kijamii

Leo tutazungumza juu ya bangi, lakini tutaanzia kwenye simu.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alileta mtoto wake kliniki kwa chanjo. Kilichomsumbua hasa ni kifungua mimba wake wa miaka 15. Alikuwa amekuta misokoto miwili kwenye mfuko wa sare yake. Kijana hakukana. Alisema, "Mum, haya ni majani tu. Ni dawa. Hata Marekani inauzwa dukani." Mama akakosa la kujibu.

Ukweli kidogo umo. Jimbo la Colorado huko Marekani lilianza kuuza bangi madukani mwaka 2014. Lakini video haikumwambia kwamba asiyefikisha miaka 21 haruhusiwi kuuziwa. Huyu wetu angerudishwa mlangoni! Ni kweli pia kwamba mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa iliyotokana na mmea huo. Dawa hiyo hupimwa, huandikwa na daktari, wala hailewi mtu nayo kama msokoto. Hapa Kenya bangi imekatazwa na sheria ya mwaka 1994.

Mnakumbuka kampeni za mwaka 2022, Profesa George Wajackoyah alipoahidi kilimo cha bangi. Video zake zilienea kila mahali. Sisi wakubwa tulicheka, watoto nao wakasikia kwamba ni jambo la kawaida.

Tena mtandao una tabia yake. Mtoto akitazama kichekesho kimoja cha bangi hadi mwisho, huletewa kingine, na kingine. Baada ya muda huamini kwamba kila mtu anavuta isipokuwa mama yake. Haonyeshwi kijana anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayedhani jirani anamwinda. Sisi wauguzi ndio tunaowapokea hao. Si kila mvutaji hufikia hapo, lakini hatari ni kubwa kwa anayeanza mapema, anayevuta kila siku, au mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo. Ubongo hukomaa karibu na miaka 25, na bangi huvuruga kumbukumbu na umakini darasani.

Siku hizi pia huokwa ndani ya biskuti na keki. Biskuti haitoi moshi, na huweza kuchukua hata saa mbili kabla ya kulevya, kwa hivyo mlaji huongeza nyingine. Mtoto mdogo akiila bila kujua, akawa na usingizi mzito au akapumua kwa shida, mkimbize hospitalini, umwambie daktari ukweli. Usione haya. Daktari hatibu asichokijua.

Sasa, kumpokonya simu hakusaidii sana. Atatazama kwa rafiki. Keti naye, umwambie, "Nionyeshe." Tazama bila kufoka, halafu muulize nani anafaidika na video hiyo. Ikiwa anavuta mara kwa mara, mlete kliniki, au piga simu ya NACADA, 1192, bila malipo.

Yule mama alijaribu Jumamosi. Kijana alimwonyesha video tatu, kisha akauliza kama hayo ya miaka 21 ni kweli. Jumatano wanakuja wote wawili.