Viazi vya Kuponda kwa Mgonjwa wa Figo

Namna ya kuvipika viwe laini na vitamu, wala visimdhuru mwenye masharti ya chakula

Katika nyumba nyingi za nyanda za juu za Kenya, kiazi ni chakula cha kila siku. Kililetwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, nacho kimezoea udongo wa Nyandarua, Meru, Nakuru, Nyeri na Kiambu, hata leo ni mahindi peke yake yanayokitangulia kati ya mazao ya chakula. Basi mtu aliyelelewa kwa viazi anapoambiwa na daktari kwamba figo zake zimedhoofika, na kwamba viazi ni miongoni mwa vyakula vya kuogopwa, huona amepewa hukumu nzito.

Wagonjwa wa namna hii hufuata mojawapo ya njia mbili. Wengine hutii kabisa, wakala wali mkavu peke yao pembeni, siku baada ya siku, mpaka hamu ya chakula inawaondoka na mwili unakonda. Wengine huchoka na masharti, wakala kwa siri kile kinacholiwa na wenzao. Njia zote mbili zina hasara, na ya pili huweza kuua. Lakini iko njia ya tatu, nayo imo katika uwezo wa kila mpishi mwenye sufuria, maji na subira kidogo.

KWA NINI VIAZI HUOGOPWA

Katika mwili wenye afya, figo mbili huchuja damu mchana na usiku, zikatoa taka na maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo. Miongoni mwa vitu vinavyotolewa ni madini yaitwayo potasiamu. Madini haya si sumu. Misuli na moyo haviwezi kufanya kazi bila hayo. Lakini figo zikishindwa kazi, potasiamu hujikusanya katika damu, na ikipita kiasi mapigo ya moyo huvurugika. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yo yote ya kumwonya, na moyo huweza kusimama ghafula. Hata mtu anayesafishwa damu kwa mashine hospitalini hana ruhusa ya kula apendavyo, maana kati ya siku moja ya mashine na siku nyingine potasiamu huzidi kuongezeka.

Kiazi kina potasiamu nyingi. Gramu 100 za viazi vibichi zina miligramu 400 au zaidi kidogo. Wagonjwa wengi waliowekewa mpaka huambiwa wasipite miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku, vyakula vyote vikihesabiwa pamoja. Mtu akila sahani kubwa ya viazi vilivyochomwa, atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya haki yake ya siku nzima kwa mlo mmoja. Kwa kuwa moto mkavu huondoa maji ya kiazi, lakini madini huyaacha palepale.

Yafaa ijulikane pia kwamba si kila mwenye ugonjwa wa figo anayekatazwa potasiamu. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua. Kwa hiyo, kabla ya kubadili chakula cha mgonjwa, sharti daktari au mtaalamu wa lishe aulizwe kiasi anachoruhusiwa.

KULOWEKA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Kwa miaka mingi wagonjwa walishauriwa kumenya viazi, kuvikata, na kuviloweka katika maji baridi usiku kucha. Wengi hufanya hivyo hata sasa, na asubuhi huamini kwamba hatari imekwisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuloweka peke yake hakupunguzi potasiamu kwa kiasi cha maana. Kilichosaidia ni kuchemsha. Viazi vilivyokatwa vipande vidogo vya pembe nne na kuchemshwa vilipoteza karibu nusu ya potasiamu yake. Vile vilivyokwaruzwa vyembamba, kama karoti ya kachumbari, vilipoteza karibu robo tatu.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Ndani ya kiazi kibichi madini yamefungiwa katika vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kuta zake ni nzima. Maji baridi hugusa nje tu. Joto ndilo linalolegeza kuta hizo, madini yakatoka na kuingia majini. Tena, kipande kikiwa kidogo, safari ya kutoka ndani hadi nje huwa fupi. Kiazi kilichochemshwa kizima na ganda lake hubaki na sehemu kubwa ya potasiamu yake.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa watu wanne zatosha gramu 500 za viazi vilivyokwisha kumenywa, kitunguu kimoja, vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia au siagi isiyotiwa chumvi, vijiko vikubwa vitatu vya maziwa, pilipili manga kidogo, na majani machache ya dania. Chumvi isitiwe.

Vichaguliwe viazi vya ungaunga, vile vinavyopasuka vikiiva. Shangi, ambayo hupatikana karibu katika kila soko, huiva upesi na kupondeka vizuri. Kiazi chenye rangi ya kijani kitupwe, maana kina sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Ndiyo sababu mkulima mwangalifu huweka viazi vyake gizani.

Kwanza, viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo visivyozidi upana wa ukucha wa kidole gumba, kisha vioshwe. Viwekwe katika sufuria kubwa yenye maji mengi, yapata lita tatu. Maji machache hayafai, kwa sababu madini yanayotoka hukosa nafasi ya kuenea.

Pili, maji yachemke kwa dakika kumi hivi. Wakati huohuo sufuria nyingine ya maji iwe motoni. Maji ya kwanza yamwagwe yote, na viazi vitiwe katika maji mapya yaliyokwisha kuchemka. Hapo viachwe mpaka viwe laini kabisa, hata uma ukiingia usikute ugumu wo wote.

Tatu, maji ya pili nayo yamwagwe. Hapa wapishi wengi hukosea, kwa kuwa wamezoea kubakiza kikombe cha maji ya viazi ili kulainishia au kutengenezea mchuzi. Kwa mgonjwa wa figo, maji hayo ndiyo yaliyobeba kile kilichokimbiwa. Yasinywewe wala yasirudishwe chakulani.

Nne, viazi virudishwe katika sufuria tupu juu ya moto mdogo kwa dakika moja au mbili, vikitikiswa polepole mpaka mvuke upungue. Viazi vilivyochemshwa mara mbili hunywa maji mengi. Visipokaushwa hivi, vitakuwa kama uji.

Kwa hesabu ya kukadiria, gramu 500 za viazi vibichi zina miligramu 2,000 na ushei za potasiamu. Nusu yake ikiondoka, fungu moja kati ya manne litabaki na miligramu 250 au 260. Hicho ni kiasi ambacho mtaalamu wa lishe aweza kukipatia nafasi katika chakula cha siku.

ULAINI HUTOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba viazi vya kuponda haviwezi kuwa laini bila maziwa mengi. Lakini maziwa yana potasiamu na pia fosforasi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa nayo ikaja kuharibu mifupa. Kwa bahati njema, ulaini hautegemei maziwa peke yake. Hutegemea wanga wa kiazi, mafuta, na mkono wa mpishi.

Viazi vipondwe vingali moto sana, kwa mwiko mzito au mchi mdogo, mpaka mabonge yaishe. Mafuta yatangulie kutiwa, kisha maziwa yaliyopashwa moto yaongezwe kijiko kwa kijiko. Visipigwe kwa nguvu wala kwa mashine, maana wanga ukipigwa kupita kiasi hunata kama gundi, na hakuna dawa ya kuurudisha. Ikiwa mgonjwa haruhusiwi maziwa hata kidogo, yaachwe, na kijiko kimoja cha mafuta kiongezwe.

Ladha itoke kwa kitunguu. Kikatwe chembamba, kikaangwe polepole katika mafuta yaleyale mpaka kiwe rangi ya asali, ndipo mafuta na kitunguu vichanganywe na viazi. Kitunguu saumu kidogo, pilipili manga na dania humfanya mlaji asahau kwamba chumvi haimo.

VITU VYA KUEPUKWA

Ziko chumvi zinazouzwa madukani kwa sifa ya kuwafaa watu wenye presha, kwa kuwa zimepunguzwa sodiamu. Nyingi zimetiwa potasiamu mahali pake. Aliye na figo dhaifu asizitumie bila idhini ya daktari, hata kidogo. Vidonge vya supu navyo viachwe, maana vimejaa chumvi.

Mukimo wa kawaida wataka hadhari zaidi. Majani ya malenge na maharagwe vina potasiamu nyingi, na vikichanganywa na viazi visivyomwagwa maji, mzigo huwa mkubwa. Anayetamani mukimo aweza kupondewa viazi vilivyochemshwa mara mbili pamoja na kabichi kidogo iliyochemshwa na kumwagwa maji, na punje chache za mahindi mabichi. Parachichi, ndizi na mchuzi mzito wa nyanya visiwekwe kando ya sahani hiyo, kwa kuwa vitarudisha kile kilichoondolewa kwa taabu.

Kiasi nacho ni jambo kubwa. Nusu kikombe cha viazi vilivyopondwa ni fungu la kutosha kwa mlo mmoja. Kuchemsha mara mbili hupunguza potasiamu, hakuimalizi. Mtu akila vikombe vitatu, kazi yote imepotea. Mwenye kisukari, ambacho ni mojawapo ya sababu kubwa za figo kuharibika, akumbuke kwamba viazi vilivyopondwa hupandisha sukari ya damu upesi.

CHUNGU KIMOJA KWA WOTE

Mara nyingi mzigo wa masharti haya huangukia mpishi, ambaye hulazimika kupika vyungu viwili kila jioni, na mgonjwa hujiona mgeni katika nyumba yake. Si lazima iwe hivyo. Viazi vilivyotengenezwa kwa namna hii vyaweza kuliwa na wote. Ni kweli kwamba maji yaliyomwagwa huchukua pia vitamini na madini mengine yenye faida. Lakini wenye afya watayapata katika sukuma wiki, maharagwe na matunda yatakayoandaliwa kando kwa ajili yao. Anayetaka chumvi ajitilie katika sahani yake mwenyewe.

Mpishi na aende pamoja na mgonjwa siku ya kumwona mtaalamu wa lishe, aulize kiasi, na akiandike katika karatasi ya kubandikwa ukutani jikoni. Mgonjwa akipewa sahani inayofanana na za wenzake, yenye harufu nzuri na iliyopimwa sawasawa, hatakuwa na sababu ya kwenda kula kwa siri.