Kutambua Mwenendo wa Vifaa Vilivyounganishwa na Mtandao



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi, siku hizi mimi hukuta vitu ambavyo zamani havikuwamo katika daftari la mali: kamera ya ghala, na mizani inayopeleka uzito moja kwa moja kwenye kompyuta. Vifaa hivi huwasiliana na intaneti usiku na mchana. Je, nani ajuaye vinawasiliana na nani?

Swali hili si la mzaha. Tarehe 21 Oktoba, 2016, kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyosaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, ilifurikiwa na maombi ya uongo hata watu wengi wakashindwa kwa saa kadhaa kuzifikia huduma kama Twitter na Netflix. Sehemu kubwa ya maombi hayo ilitoka kwenye kamera na vifaa vya kawaida vilivyoambukizwa programu iitwayo Mirai. Programu hiyo iliviingia kwa kujaribu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani, ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha.

Wataalamu hufundisha kompyuta kuitambua hali hiyo. Kompyuta haina haja ya kufungua ujumbe. Hutazama alama za nje, kama karani wa posta atazamavyo bahasha: ukubwa wa kila pakiti ya habari, muda kati ya pakiti moja na nyingine, na anwani iendako. Mizani hupeleka habari fupi kila ipimapo mzigo; kamera hutoa mkondo mkubwa mfululizo. Kifaa chenye Mirai hubisha hodi kwenye anwani nyingi za kubahatisha.

Kwanza kompyuta hupewa mifano mingi iliyokwisha kuandikwa aina yake: hii ni kamera, hii ni mizani, hili ni shambulio. Kutokana na mifano hiyo hujitungia kanuni za kutofautisha. Kisha hupimwa kwa mifano mingine ambayo haijapata kuiona. Kuipima kwa ile ile ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani aliokwisha kuonyeshwa majibu yake.

Hata hivyo, mashine hukosea. Tuseme mawasiliano halali ya chama ni 10,000 kwa siku, na mashine huyashuku kimakosa 1 katika kila 100. Katibu atapata maonyo 100 ya bure kila siku, na punde ataacha kuyasikiliza, hata lile la kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mtambo wa namna hiyo, katibu aandike kila kifaa katika daftari la mali, abadilishe neno la siri la kiwandani, na autenge mtandao wa kamera na ule wa mizani na hesabu. Malipo ya mkulima hutegemea uzito ulioandikwa. Anayeweza kuingia kwenye mizani aweza pia kuugusa uzito huo, na hasara itakuwa ya mwanachama.